Jinsi ya kuboresha kathodi ya betri ya zinki na kujua kama kweli umeiboresha

Wakuu, betri za zinki za kuchajiwa zinapendwa sana siku hizi na sababu ziko wazi: zinki inapatikana kwa wingi, elektroliti yake ni maji yenye chumvi kwahiyo haishiki moto, na zinki yenyewe inabeba 820 mAh kwa kila gramu. Kinachokwamisha ni kathodi, yaani upande chanya wa betri. Hapo ndo kapasiti inapungua, hapo ndo betri inachoka, na hapo ndo watu wengi wanapiga picha nzuri za unga wao kwenye hadubini afu betri inakufa baada ya wiki mbili. Huu mwongozo ni kwa mtu ambaye ana maabara ndogo (mizani nzuri, oveni, mashine ya kupimia betri) na anataka kutengeneza kathodi, kuiboresha, na kuwa na uhakika kwamba imeboreka kweli.

Kwanza elewa tatizo, maana ukilirukia utaboresha kitu kisichohitaji kuboreshwa. Ioni ya zinki kwa ukubwa inakaribiana kabisa na ya lithiamu, angstromu 0.74 kwa 0.76 (angstromu kumi ni nanomita moja), kwahiyo mtu anaweza kudhani inaingia popote lithiamu inapoingia. Haiingii. Zinki ina chaji mbili chanya, na ikishaingia ndani ya fuwele inavutana na oksijeni zilizoko pale kwa nguvu kubwa na kutembea kwake kunakuwa kwa taabu. Afu ndani ya maji haitembei peke yake, imezungukwa na molekuli sita za maji na kundi zima lina upana wa kama angstromu 8.6, sasa hapo ama ivue yale maji kwanza mlangoni (na kuvua kunagharimu nguvu) ama mlango uwe mpana wa kutosha. Karibu kila mbinu utakayoisikia ya kuboresha kathodi za zinki inarudi kwenye mambo matatu: kupanua njia, kupunguza ule mvutano, na kuzuia kathodi isiyeyuke ndani ya maji. Hilo la tatu ndo naona watu wanalipuuza na ndo linaua betri nyingi zaidi.

Chagua malighafi kwa hesabu

Kuna familia nne kubwa. Oksidi za manganizi, hasa MnO2, zinatoa volti kama 1.35 na kapasiti ya kinadharia ni 308 mAh kwa gramu kwa elektroni moja. Oksidi za vanadi zinavutia macho kwa sababu kapasiti inafika 300 mpaka 400 na zinachaji haraka, ila volti ni ndogo, kama 0.7 mpaka 0.9. Familia ya Prussian blue (rangi ya bluu ya chuma na sianidi) inapanda volti mpaka karibu 1.7 lakini kapasiti ni kama 60 tu. Na kuna za ogani, kwinoni na ndugu zake, ambazo ni laini na zinapokea zinki vizuri ila zinapenda kuyeyuka na hazipitishi umeme zenyewe.

Sasa usichague kwa kuangalia kapasiti peke yake. Zidisha na volti. MnO2 yenye 300 mAh kwa 1.35 V inakupa Wh 405 kwa kilo ya kathodi, vanadi yenye 400 mAh kwa 0.75 V inakupa 300. Kwahiyo ile iliyoonekana ndogo ndo kubwa. Mimi kwa mtu anayeanza ningemwambia aende na MnO2 bila kusita, ni salama zaidi kushika kuliko V2O5 (unga wa V2O5 ukiuvuta ni sumu kabisa), na kemikali zake zinapatikana. Mfano wote hapa chini ni wa manganizi, vanadi nitaigusa kidogo.

Kutengeneza unga wa msingi

Kabla hujaboresha lazima uwe na sampuli ya kawaida ya kulinganishia, uliyoitengeneza mwenyewe kwa njia ileile. Ukilinganisha unga wako mpya na namba za kwenye makala ya mtu mwingine hujalinganisha chochote.

Chukua chombo cha shinikizo cha ml 100 chenye kikombe cha teflon ndani. Yeyusha gramu 0.254 za salfeti ya manganizi (ile yenye molekuli moja ya maji) kwenye ml 45 za maji yaliyoondolewa madini, ongeza ml 1 ya asidi ya salfa ya 0.5 M (M ni moli kwa lita), koroga mpaka iwe safi. Pembeni yeyusha gramu 0.158 za pamanganeti ya potasiamu kwenye ml 10 za maji, afu imimine taratibu huku unakoroga. Uwiano hapo kwa moli ni pamanganeti 2 kwa salfeti 3, ndo uwiano unaotakiwa ili manganizi zote ziishie kuwa MnO2. Funga, weka kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa 12. Ukimaliza zima oveni na uache chombo kipoe chenyewe mpaka joto la chumba, usikifungue cha moto hata kama una haraka kiasi gani. Chuja, osha kwa maji mara kadhaa mpaka maji ya kuoshea yasiwe na asidi, kausha nyuzi 80 usiku mzima. Kihesabu unatakiwa upate kama gramu 0.22, ukipata pungufu kidogo ni ya kwenye chujio.

Mambo ya usalama ambayo siyo ya kujadili: usijaze chombo kupita robo tatu, usichanganye pamanganeti kavu na asidi ya salfa isiyozimuliwa (kinachotokea pale ni kitu kinacholipuka), na pamanganeti isikae karibu na vimiminika vya ogani kama gliserini.

Hiyo njia inakupa MnO2 aina ya alfa, yenye mahandaki ya upana wa kama angstromu 4.6, vinyuzi virefu vyembamba. Ukitaka aina ya delta, ambayo ni ya tabaka zenye nafasi ya kama angstromu 7, unaongeza pamanganeti iwe nyingi sana kuliko salfeti, watu wengi wanatumia uwiano wa 6 kwa 1, na ile potasiamu ya ziada inakaa katikati ya tabaka na kuzishikilia. Hakikisha kwa XRD (kipimo cha mionzi ya X kinachoonesha mpangilio wa fuwele) umepata ulichokusudia. Hapa angalia vizuri maana aina zote mbili zina kilele maeneo ya nyuzi 12 na nusu (hizi ni nyuzi za pembe, siyo za joto), kwahiyo kilele hicho peke yake hakikwambii kitu; alfa itaonesha na 18.1 na 28.8 na 37.5, delta itaonesha kimoja karibu na 25. Nimeona watu wanaita delta kitu ambacho ni mchanganyiko kwa sababu waliangalia kilele cha kwanza tu.

Sasa kuboresha

Tuanze na kuyeyuka. MnO2 inapotoa umeme, manganizi inashuka kutoka chaji nne kwenda tatu, na hiyo ya chaji tatu haitulii, umbo lake linavutika upande mmoja, mbili zikikutana moja inarudi kuwa ya nne na nyingine inakuwa ya chaji mbili na kuondoka zake ndani ya maji. Kila raundi (kuchaji na kutoa mara moja) unapoteza kidogo. Dawa ya kwanza na ya bei rahisi kuliko zote wala haiko kwenye kathodi, iko kwenye elektroliti: unaweka salfeti ya manganizi 0.1 M ndani ya salfeti ya zinki 2 M, maji yakishakuwa na manganizi tayari, ile ya kwenye kathodi inakosa hamu ya kutoka. Mwaka 2016 watafiti wa Pacific Northwest National Laboratory kule Marekani walitumia mchanganyiko huo na betri yao ikaenda raundi 5000 ikabaki na 92% ya kapasiti. Anza na hii. Ila ina mtego mkubwa kwenye vipimo, nitaufungua mbele na tafadhali usiuruke.

Dawa ya pili ni kuweka nguzo ndani ya fuwele. Unaingiza ioni au molekuli nyingine ikae pale katikati ya tabaka au ndani ya handaki kabla betri haijaanza kazi, inashikilia kuta zisibomoke na inapunguza mvutano kati ya zinki na oksijeni. Potasiamu ndo rahisi kuliko zote kwa sababu tayari imo kwenye pamanganeti, kazi yako ni kutoiondoa tu, kwahiyo usioshe unga kwa asidi kali na usiloweke siku nzima. Wengine wanatumia kalsiamu au lanthanamu. Kuna na polianilini, ambayo ni polima inayopitisha umeme, watafiti wa China mwaka 2018 waliiingiza katikati ya tabaka za MnO2 nafasi ikapanuka mpaka kama nanomita 1 na kathodi ikahimili raundi 200 ikiwa inatumika karibu kwa uwezo wake wote, mAh 280 kwa gramu. Namba 200 inaonekana ndogo ukilinganisha na 5000 lakini mimi naiheshimu zaidi, na sababu nitaisema kwenye vipimo.

Kwenye vanadi nguzo ndo habari yenyewe. V2O5 kavu ina nafasi ya kama angstromu 4.4 kati ya tabaka, ukiiwekea maji na ioni inapanuka zaidi ya mara mbili. Kundi la Linda Nazar kule Waterloo, Canada, mwaka 2016 walionesha Zn0.25V2O5 yenye maji ndani yake ikienda raundi 1000 na kubaki na zaidi ya 80%. Yale maji ya ndani yanafanya kazi ya kuifunika chaji ya zinki ili isikwame. Kwahiyo ukitengeneza vanadi ya aina hii usiikaushe kwa joto kali, ukiipeleka nyuzi 300 umeyafukuza maji uliyohangaika kuyaweka.

Dawa ya tatu ni kaboni. MnO2 haipitishi umeme vizuri, na kuchanganya masizi ya kaboni kwenye kinu kunasaidia kiasi ila chembe nyingi zinabaki hazijagusana na kaboni. Njia nzuri ni kuotesha MnO2 juu ya kaboni yenyewe. Pamanganeti ikikutana na kaboni kwenye maji ya nyuzi 70 mpaka 80 inajibadilisha kuwa MnO2 papo hapo kwenye uso wa kaboni, huhitaji hata chombo cha shinikizo. Unatawanya mirija ya kaboni kwenye maji, unaongeza pamanganeti, unakoroga kwenye joto, na rangi ya zambarau ikishapotea ndo ujue pamanganeti imeisha. Kumbuka kaboni inaliwa kwenye hiyo shughuli, ukiweka pamanganeti nyingi kupita kiasi utaharibu mirija. Na pima kaboni iliyobaki ni asilimia ngapi (choma kidogo kwenye mizani ya joto), maana uzito wa kaboni siyo uzito wa MnO2 na ukiuhesabu vibaya namba zote zinazofuata ni za uongo.

Zipo na nyingine. Kutoboa matundu ya oksijeni, yaani kuacha nafasi tupu pale oksijeni ilipokuwa kwenye fuwele, kwa kupasha unga kwenye hewa isiyo na oksijeni kunafanya kazi ila ni rahisi kupitiliza na kuishia na Mn2O3 au Mn3O4, kwahiyo nenda na joto dogo na rudia XRD kila mara. Kuchomeka atomi ngeni kama nikeli, kobalti au bismathi asilimia chache kunafanyika kwa kuongeza chumvi yake kwenye mchanganyiko kabla ya oveni. Siyo mbaya, ila kama hujamalizana na kuyeyuka hizi hazitakuokoa. Na usiweke mbili tatu kwa pamoja, ukibadilisha vitu vitatu na betri ikawa nzuri hutajua kipi kimesaidia.

Kutengeneza elektrodi

Saga unga wako 70, masizi ya kaboni 20, gundi ya PVDF 10 kwa uzito, ongeza NMP (kiyeyushi cha hiyo gundi) kidogo kidogo mpaka upate rojo inayong'aa isiyo na madonge. NMP inadhuru uzazi, vaa glavu na ufanyie kwenye kabati la hewa. Pakaza kwenye karatasi ya kaboni, titani au chuma cha pua, siyo shaba, itayeyuka ukichaji. Kausha nyuzi 80 kwenye vakyumu usiku mzima, kata vipande vya duara.

Sasa pima, na hapa pima kwelikweli. Tuseme kipande cha milimita 12 kitupu kina mg 20.10 na kilichopakwa kina mg 26.10. Tofauti ni 6.00, asilimia 70 yake ni mg 4.20 za MnO2. Eneo ni sentimita mraba 1.13, kwahiyo una kama mg 3.7 kwa kila sentimita mraba, siyo mbaya. Kapasiti yake ya kinadharia ni 4.20 mara 308, ni 1.29 mAh. Zishike hizo namba.

Funga seli ya CR2032 (ile ya umbo la sarafu): kathodi, utando wa nyuzi za kioo, maikrolita 100 za elektroliti, zinki. Iache saa sita au zaidi ilowane kabla ya kuipima.

Vipimo, hapa ndo ukweli unajulikana

Chaji na toa kati ya 0.8 na 1.8 V. Usipite 1.8, maji yataanza kutoa oksijeni. Kwenye mstari wa kutoa umeme utaona hatua mbili, moja karibu na 1.4 V na nyingine chini yake kidogo. Watafiti wengi wanasema ya juu ni protoni kutoka kwenye maji na ya chini ni zinki, wengine wanabisha, ila kwamba protoni zinashiriki hilo halina shaka na litakuhusu mwishoni.

Sasa ule mtego. Ndani ya maikrolita 100 za elektroliti yenye manganizi 0.1 M kuna maikromoli 10 za manganizi. Ukichaji, hizo manganizi zinaweza kutoka kwenye maji na kujibandika kwenye elektrodi kama MnO2 mpya, kwa elektroni mbili kila moja, na ukipiga hesabu hiyo ni 0.54 mAh. Kathodi yako ina 1.29. Na kama umepaka nyembamba ya mg 1 kwa sentimita mraba kama wengi wanavyofanya, kathodi nzima ina 0.35 mAh, yaani maji yana kapasiti kubwa kuliko unga unaoupima! Ndo maana unaona grafu ambazo kapasiti inapanda raundi hadi raundi, wengine wanaandika kwamba kathodi "inaamka". Mara nyingi ni MnO2 inayotoka kwenye maji, na uzito wake hawajauhesabu.

Kwahiyo fanya hivi: tengeneza seli nyingine yenye karatasi ya kaboni tupu iliyopakwa masizi na gundi bila MnO2, elektroliti ileile, mkondo uleule wa miliampia, volti zilezile. Chochote itakachotoa ni mchango wa maji. Tengeneza na nyingine yenye kathodi yako ila elektroliti haina manganizi. Ukiwa na hizi tatu pembeni kwa pembeni ndo unaweza kusema nguzo yako ya potasiamu au kaboni yako imefanya nini.

La pili ni kasi. Betri iliyokwenda raundi 5000 kwa ampia 10 kwa gramu na kutoa mAh 100 kila raundi, kila kutoa ni sekunde 36. Raundi nzima ni sekunde 72, zote 5000 zinaisha kwa saa 100, siku nne na kidogo. Ukienda kwa mA 100 kwa gramu na ukapata mAh 300, raundi moja ni saa 6, na raundi 50 tu ni saa 300. Zile 50 zimekaa ndani ya maji mara tatu zaidi ya zile 5000, na kuyeyuka kunahitaji muda. Kwa mkondo mkubwa pia sehemu kubwa ya unga haitumiki kabisa, kwahiyo haichoki. Fanya vyote viwili, ila kama una nafasi moja tu kwenye mashine ipe ile ya polepole. Na ongeza kipimo cha kukaa: chaji mpaka mwisho, iache saa 48 bila kuigusa, afu toa. Kinachopungua hapo hakifichiki na raundi za haraka.

La tatu, angalia zinki uliyoweka. Karatasi ya zinki ya unene wa milimita 0.1 kwenye kipande kile kile ina kama mAh 66, zaidi ya mara 50 ya kathodi. Kwa kujifunza kathodi ni sawa kabisa kwa sababu unataka zinki isiwe kikwazo, lakini usitoe hesabu ya Wh kwa kilo ya betri nzima ukiwa na zinki nyingi hivyo.

Seli ikichoka usiitupe, ifungue. Tazama utando wa kioo kwanza: ukiwa na kahawia manganizi ilitoka, kwenye vanadi utaona unjano. Kathodi isuuze kwa maji kidogo, ikauke bila joto, ipeleke XRD. Kama kuna kilele karibu na nyuzi 8, hizo ni vipande bapa vya haidroksidi salfeti ya zinki, zinatokea kwa sababu protoni zikishaingia kwenye kathodi maji ya jirani yanapoteza asidi. Kwenye elektrodi iliyotoa umeme ni kawaida kuziona. Kwenye iliyochajiwa zinatakiwa ziwe zimeyeyuka, na kama bado zipo basi zimeziba njia, na hapo kuongeza nguzo ndani ya fuwele hakutasaidia. Jaribu kupunguza unene wa tabaka uliyopaka, au tumia elektroliti isiyo ya salfeti kama ile ya triflati ya zinki 3 M, afu rudia raundi zilezile za polepole na seli zilezile tatu.